Mwanangu amepewa alama 78 kwenye kipimo cha akili. Ndiyo kusema hana akili?

*"Kijana wangu ana miaka tisa. Alilelewa na nyanya yake kijijini huko Kwale, wakizungumza Kidigo na Kiswahili. Mwaka juzi nilimleta Mombasa nikamtia shule ya binafsi ambako kila kitu ni kwa Kiingereza. Kusoma kunamshinda, na mwalimu husema amezubaa. Muhula uliopita aliletwa mtu shuleni akampa mtihani wa akili kwa Kiingereza, kama dakika arobaini hivi, nami nikapewa karatasi yenye jina lake na namba moja tu: IQ 78. Shule inataka arudie gredi ya pili, au nimtafutie kitengo maalum. Nyumbani huyu ndiye ninayemtuma dukani na chenji hurudi kamili. Mdogo wake humwachia yeye. Kwa nyanya yake alikuwa akijua kila mbuzi na mama yake. Ila sikio lake la kushoto hutoa usaha mara kwa mara tangu utotoni. Shemeji yangu naye kanionyesha video ya sokwe anayekumbuka namba kwenye skrini kuliko watu, akacheka kwamba hata nyani hupimwa akapita. Je, akili hupimika kweli? Na kama sokwe asiyesema anapimika, mwanangu ana nini?"*

Mama, katika barua yako kilichonishtua si 78, ni sikio. Tuanze hapo, kwa sababu mtoto asiyesikia vizuri hawezi kupimwa akili kwa maswali ya mdomo. Kinachopimwa hapo ni sikio lake.

Usaha unaorudi miaka nenda miaka rudi mara nyingi huonyesha kwamba kiwambo cha sikio kimetoboka na hakijaziba. Mtoto wa namna hii si kiziwi: ukimwita anaitika, redio anaisikia. Zinazompotea ni sauti dhaifu, kama s, f, t na th. Kiswahili na Kidigo humbeba kidogo, maana karibu kila silabi huishia kwa vokali, na vokali ndiyo yenye nguvu. Kiingereza hufunga maneno kwa konsonanti nyembamba, na mtoto akiikosa hiyo ya mwisho, "cat", "cap" na "cats" ni neno moja. Akinyamaza akikisia, mwalimu anamwona amezubaa.

Leo jioni, nyumba ikiwa kimya, simama nyuma yake umbali wa mkono ulionyooshwa, asikuone mdomo. Mwambie azibe sikio la kulia kwa kidole akilisuguasugua. Toa pumzi yote, kisha nong'ona maneno matatu yasiyohusiana, kwa mfano "mbuzi, saba, kikapu", naye ayarudie. Rudia na mengine matatu, kisha upande wa pili. Akikosa zaidi ya nusu upande mmoja, usingoje muhula uishe, mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo. Hata akifaulu mpeleke, maana usaha wenyewe unahitaji tiba na usikivu wake unafaa upimwe kwa mashine. Kwa sasa sikio likae kavu: sokota kipande cha kitambaa safi kinachonyonya maji, kiingize taratibu, kitoe kikilowa, weka kingine mpaka kitoke kikavu, mara tatu kwa siku. Usitie mafuta ya nazi, wala maji ya chumvi, wala dawa aliyopewa mtoto wa jirani. Mkiwa huko macho nayo yapimwe, na damu pia, kwa sababu upungufu wa madini ya chuma humfanya mtoto asinzie na asishike mambo.

Sasa tuje kwenye 78. Watu wengi huisoma namba hii kama kilo, kana kwamba ndani ya kichwa kuna kitu kiitwacho akili na mtoto wako anacho kiasi cha 78. Sivyo inavyotengenezwa. Kipimo kinachotumika sana kwa watoto wa miaka 6 hadi 16, kile cha familia ya Wechsler, kina sehemu nyingi fupi: maana za maneno, kupanga vipande vya rangi vifanane na picha, kukumbuka mfululizo wa tarakimu, kumalizia mchoro uliopungua, kutafuta alama haraka. Majibu sahihi ya kila sehemu hulinganishwa na ya watoto wa umri uleule waliopimwa awali, wanaoitwa kundi la ulinganisho. Wastani wa kila sehemu hupewa 10. Sehemu zikijumlishwa, wastani wa kundi zima huitwa 100, na mtawanyiko hupangwa ili kama 68 katika kila 100 waangukie kati ya 85 na 115, na kama wawili tu wawe chini ya 70.

Kwa hiyo 78 ni nafasi kwenye foleni: katika watoto 100 wa kundi lile, kama saba wangepata hapo au chini yake. Swali linalofuata ni foleni ya nani. Kama kundi la ulinganisho ni watoto wa Marekani au Uingereza wanaoota ndoto kwa Kiingereza tangu kuzaliwa, mwanao amewekwa kwenye foleni asiyowahi kupanga. Tena namba ina mtikisiko wake. Kipimo kizuri, kilichofanywa vizuri, husema "78, yaani mahali kati ya 72 na 84". Karatasi isiyotaja mtikisiko huo haijakamilika.

Ubaya wa pili wa namba moja ni kwamba inaweza kuficha. Chukua mtoto aliyepata 4 kwenye maana za maneno ya Kiingereza na 10 kwenye vipande vya rangi. Ukivichanganya unapata mtoto "aliye chini kidogo kila mahali", na mtoto huyo hayupo. Aliyepo ni mtoto wa kawaida kabisa mikononi na machoni, ambaye lugha ya mtihani imemgomea. Bila alama za kila sehemu hakuna anayeweza kukwambia wako ni yupi.

Utasema, basi wautafsiri mtihani kwa Kiswahili, yaishe. Ingesaidia sana, lakini haiishi hapo. Tazama sehemu ya tarakimu, ambapo mpimaji hutamka namba moja kila sekunde na mtoto huzirudisha. Kwa Kiingereza, kuanzia moja hadi tisa, ni saba peke yake yenye silabi mbili. Zetu zote ni za silabi mbili: mo-ja, mbi-li, ta-tu, n-ne, ta-no. Kumbukumbu ya muda mfupi hutegemea pia muda wa kulitamka neno kichwani. Jambo hili lilionekana Wales mwaka 1980, ambapo tarakimu za Kiwelshi, zinazochukua muda mrefu kutamka kuliko za Kiingereza, ziliwapa watu wale wale kumbukumbu fupi zaidi. Ukitafsiri sehemu hiyo neno kwa neno kisha ukatumia jedwali la Marekani, unamkata mtoto alama kwa kosa la sarufi ya Kibantu. Kipimo hakitafsiriwi tu. Hujengwa upya, kisha hupewa watoto wa hapa ili foleni iwe yao. Kazi hiyo imefanyika jirani na kwenu kabisa: watafiti wa Kilifi walitunga kipimo cha ukuaji kwa watoto wadogo wa miezi 6 hadi 35 kwa kutumia vitu na desturi za pwani. Mwanao ameshaupita umri huo, lakini ni ushahidi kwamba inawezekana.

Kuna pia michoro isiyo na maneno, ile ya Raven ya mwaka 1938, ambayo wengi huiita "isiyo na utamaduni". Sikubaliani nao. Huko Embu, watoto wa shule walipimwa kwa michoro hiyo mwaka 1984, na wengine wa umri huohuo mwaka 1998. Wa pili waliwazidi wa kwanza kwa mbali. Ubongo wa Waembu haukubadilika kwa miaka 14. Watafiti walitaja chakula bora, wazazi waliosoma zaidi na familia ndogo zaidi. Kitu kinachopanda na sahani ya chakula na vitabu vya mama hakiwezi kuitwa kisicho na mazingira. Hata nchi tajiri zimepanda hivyo, takriban alama tatu kwa kila miaka kumi kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, ndiyo maana majedwali ya ulinganisho huchakaa na lazima yafanywe mapya. Kwa hiyo uliza kipimo cha mwanao ni toleo la mwaka gani.

Na akili yenyewe ni nini? Lugha yetu haijawahi kuifanya kitu kimoja. Tuna akili, werevu, ujanja, busara, maarifa, na kila Mswahili anajua mjanja asiye na busara. Mwanasaikolojia Robert Serpell alikuta jambo hilihili kwa Wachewa wa Zambia. Neno lao *nzelu* lina sura mbili: *kuchenjela*, yaani wepesi wa kichwa, na *kutumikila*. Hilo la pili sina haja ya kukutafsiria: ni mtoto anayetumika, anayeagizwa akaenda na jambo likafanyika. Aliwauliza watu wazima wa kijiji wangemchagua mtoto gani kwa kazi fulani nzito, na chaguo zao hazikuoana na alama za vipimo vya kisaikolojia. Wazee hawakuwa wajinga. Walikuwa wakipima kitu kingine, na kwa muda wa miaka, si dakika arobaini.

Serpell huyohuyo aliwapa watoto wa Lusaka na wa Manchester michoro wainakili. Kwa kalamu na karatasi, wa Uingereza walishinda. Kwa waya, ile ya kutengenezea magari ya kuchezea, wa Zambia walishinda. Kwa udongo wa kufinyanga walilingana. Uwezo wa kuona umbo na kulinakili ni uleule. Kilichobadilika ni kifaa, na kifaa kikachagua mshindi.

Hapa ndipo sokwe wa shemeji yako anapoingia. Anaitwa Ayumu, wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, na jaribio lake lilichapishwa mwaka 2007. Tarakimu hutokea kwenye skrini kwa sekunde 0.21 kisha hufunikwa, naye huzigusa kwa mpangilio. Kwa tarakimu tano alipatia kama mara 8 katika 10, wanafunzi wa chuo kikuu kama 4. Video ni ya kweli. Isichosema ni kwamba Ayumu alizaliwa kwenye maabara hiyo mwaka 2000 na kuzoea skrini tangu utoto wake, na wanafunzi walikuja kama wageni. Miaka michache baadaye watu waliopewa mazoezi ya kutosha walifika kiwango chake. Mwambie shemeji kwamba somo la video hiyo ni mazoezi, na mwanao ana miaka miwili tu ya mazoezi ya Kiingereza.

Unauliza wanyama hupimwaje bila kusema. Kwa shida, na kwa makosa mengi ambayo wenye kupima watoto wangepaswa kuyajua. Mwanzoni mwa karne ya 20 kulikuwa na farasi Berlin aliyeitwa Hans, aliyejibu hesabu kwa kugonga kwato. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alionyesha kwamba farasi alikuwa akisoma mwili wa muulizaji: hesabu ikikaribia jibu, muulizaji alinyanyua kichwa kidogo bila kujijua, na Hans akaacha kugonga. Muulizaji asipojua jibu, Hans naye hakujua. Tangu hapo mpimaji makini huficha uso wake au hujiweka asijue jibu.

Kosa la upande wa pili ni kumnyima mnyama kwa sababu ya kifaa. Kwa miaka tembo walihesabiwa kushindwa kutumia fimbo kuvuta chakula. Lakini mkonga ndio pua: ukishika fimbo kwa mkonga unajiziba kunusa chakula unachokitafuta. Tembo mmoja mchanga wa bustani ya wanyama ya Washington, Kandula, mwaka 2011 alipewa mchemraba mkubwa wa plastiki. Aliusukuma mpaka chini ya tawi lenye matunda, akaupanda, akayafikia. Na huko Amboseli tembo walipowekewa sauti zilizorekodiwa, walijihadhari zaidi na sauti za wanaume wa Kimaasai kuliko za Wakamba, na kuliko za wanawake na watoto wa Kimaasai. Swali lilipoulizwa kwa njia ya tembo, jibu lilipatikana.

Kuna jaribio linalounganisha pande zote mbili. Sokwe hutiwa doa usoni kisha huwekewa kioo: akijigusa doa, inasemwa anajitambua. Sokwe walifaulu mwaka 1970. Jaribio hilihili hupewa watoto wadogo, na wa Marekani na Ulaya wengi hufaulu wakifika miaka miwili. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, watoto 82 wa Kenya, wa miezi 18 hadi 72, walifanyiwa hivyo. Walioigusa alama usoni mwao ni wawili. Wengi wa waliobaki waliganda mbele ya kioo, kimya, wakijitazama. Hakuna mwenye akili timamu atakayesema mtoto wa Kenya wa miaka sita hajijui. Mtu mzima mgeni amekuwekea kitu usoni, hujaambiwa ukitoe, na wewe umelelewa kusubiri ruhusa ya mkubwa: unaganda. Mfikirie sasa mwanao mbele ya mgeni, anayeulizwa jambo ambalo mgeni mwenyewe analijua. Kwetu mkubwa humuuliza mtoto asichokijua yeye: mbuzi wako wapi, nani alikuja. Swali la kujaribiwa ni desturi ya shule, na huchukua muda kuizoea.

Lakini nisikudanganye kwa upande mwingine. Vipimo hivi si uganga. Tangu 1904 imejulikana kwamba anayefanya vizuri sehemu moja huelekea kufanya vizuri na nyingine. Uskoti watoto wa miaka 11 walipimwa mwaka 1932, na baadhi yao walipopimwa tena wakiwa na miaka 77, nafasi zao zilikuwa bado zinafanana kwa kiasi kikubwa. Alama huenda na matokeo ya shule kwa uhusiano wa takriban 0.5, maana yake hueleza kama robo ya tofauti kati ya wanafunzi. Robo si haba, na robo tatu zimebaki. Alfred Binet aliyetunga kipimo cha kwanza Paris mwaka 1905 alitumwa kutafuta watoto wanaohitaji kusaidiwa, na alipinga wazi wanaodai kwamba akili ya mtu ni kiasi kilichofungwa kisichoongezeka.

Basi inawezekana mwanao ana ugumu wa kweli. Siwezi kuukataa kutoka hapa nilipo. Ila ulemavu wa akili hautangazwi kwa namba peke yake: huhitaji alama ya takriban 70 au chini, pamoja na kushindwa maisha ya kila siku yanayolingana na umri, na iwe imeanza utotoni. 78 haijafika huko, na mtoto wa miaka tisa anayerudisha chenji kamili na kuachiwa mdogo wake hajashindwa maisha ya kila siku. Ninachokishuku zaidi, baada ya sikio, ni lugha. Pia usiuache uwezekano wa tatizo mahsusi la kusoma, ambalo humpata mtoto mwenye akili nzuri. Mpe ukurasa wa hadithi ya Kiswahili ya darasa la pili. Akisoma Kiswahili vizuri na Kiingereza kimgomee, ni lugha. Akikwama kwenye silabi za Kiswahili pia, mweleze mpimaji hivyo.

Andika barua fupi shuleni uombe taarifa kamili: jina la kipimo na toleo lake, kundi la ulinganisho, lugha, sifa za aliyepima, alama za kila sehemu na kiwango cha mtikisiko. Wakisema hawana, una haki ya kuiweka karatasi ile kando. Kupima upya kufanywe na mwanasaikolojia anayezungumza Kiswahili, au kupitia EARC, kituo cha serikali cha kutathmini mahitaji ya watoto kielimu, cha kaunti yenu, lakini baada ya sikio kutibiwa. Kama ni kipimo kilekile, acha upite mwaka mmoja, kwa sababu anayekumbuka maswali hupanda bila kuongeza chochote. Mpimaji mzuri atakuhoji na wewe pia, kwa saa nzima au zaidi. Vipimo vya kwenye simu viache kabisa.

Usingoje tarehe yoyote ukiona anapoteza alichokuwa akikiweza, anaduwaa sekunde kadhaa bila kujibu kisha anaendelea kama hakuna kitu, anaanguka kwa kifafa, au anapotea njia aliyoizoea. Kwa sikio lenyewe, maumivu makali nyuma yake, uvimbe, homa, kizunguzungu au uso kupinda upande mmoja ni hospitali siku hiyohiyo. Mweleze daktari pia kama aliwahi kupata degedege au malaria ya kupanda kichwani, hata kama alipona.

Kuhusu kurudia gredi ya pili, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 35, hairuhusu mwanafunzi kushikiliwa darasani, kwa hiyo una mahali pa kusimama unapozungumza na mwalimu mkuu. Nenda kwa upole. Omba kwanza kitu kidogo ambacho hakigharimu shule shilingi: akae dawati la mbele upande wa kushoto wa darasa anapotazama ubao, ili sikio lake zima la kulia limwelekee mwalimu, na mwalimu amtazame usoni anapompa maagizo.